Usiku wa udongo Sadler's Wells: uzoefu wangu

Mnamo Juni 2022 nilikata tiketi mbili za ghorofa ya juu katika ukumbi wa Sadler's Wells, London, ili mimi na shangazi yangu tuone dansi mbili za kisasa kwa usiku mmoja. Nilichokifuata hasa ni ile ya pili, The Rite of Spring, aliyoitunga Pina Bausch, mtunzi wa dansi Mjerumani, mwaka 1975 kwa muziki wa Stravinsky, mtunzi wa muziki Mrusi, na ambayo safari hii ilichezwa na wachezaji zaidi ya 30 kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Walikuwa wamejifunzia Toubab Dialaw, Senegali, katika École des Sables, shule ya dansi ya Germaine Acogny, mchezaji na mtunzi wa dansi. Korona ilipozuia onyesho lao la kwanza mwaka 2020, walicheza zoezi la mwisho ufukweni, na video yake ndiyo iliyonitia hamu.

Dansi ya kwanza, common ground[s], ni ya Acogny mwenyewe na Malou Airaudo, Mfaransa aliyewahi kucheza katika kundi la Bausch. Wote wawili wamevuka miaka 70. Walianza wakiwa wameketi, wametugeuzia migongo, na mambo yakaenda taratibu mno kiasi kwamba, nakiri, nilianza kuwazia chai ya mapumziko.

Chai hiyo sikuinywa. Mafundi walileta udongo wa mboji, wakaumwaga mbele yetu na kuusambaza kwa reki hadi jukwaa zima likafunikwa, kwa utulivu wa watu wanaoandaa shamba. Atakayekwenda kuiona dansi hii asitoke wakati huo.

Juu ya udongo huo miguu huzama, magauni mepesi huchafuka, na muziki ulipotua tulisikia pumzi za wachezaji hata huku juu. Gauni jekundu hupita mikononi mwa wanawake, kila mmoja akiliogopa, kwa kuwa atakayelivaa ndiye kafara, hadi mmoja anavishwa na kucheza mpaka anaanguka na kufa. Shangazi aliniuliza kwa sauti ya chini mbona gauni halimfikii mwanamume hata mmoja. Ndipo nilipowakumbuka wale wakongwe wawili, nikawaona kama wanawake ambao gauni lile liliwapita wakabaki hai, na ule utaratibu wao ulionichosha ukanipata kwa kuchelewa.

Viti vya juu ni vya bei nafuu, na kwa onyesho hili ndivyo ningevichagua tena, kwa sababu kutoka huko unaziona nyayo zote zilizobaki udongoni.