Dar–Doha na mtoto mwenye aleji ya maziwa: nyota 2

Jamani wamama, hii ndege kwa upande wa msosi wameniangusha. Niliagiza mapema msosi wa VGML, ule wa vegani usio na maziwa wala mayai, kufika juu mwanangu analetewa mkate na siagi eti cha kwake hakikupakiwa! Halafu wakataka kumpa msosi wa bila laktosi, yaani ile sukari ya maziwa, ikabidi nieleze kwamba aleji yake ni ya protini ya maziwa sio ya hiyo sukari, kwa hiyo msosi huo nao unamdhuru vilevile. Ila yule dada mhudumu Mungu ambariki, alitufutia meza na siti akatafuta na ndizi. Sekyuriti poa, maziwa yake ya soya yalizidi mililita 100 wakayakagua wakapitisha. Msosi beba wako, na dawa zake ziwe begi la mkononi.