Mashine za vioo vya umeme sokoni Kisekka: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Kioo cha gari kinapopanda nusu kikasimama, au kikafika juu kisha kikarudi chini chenyewe, safari ya kwanza ya wengi hapa Kampala ni Kisekka, soko la spea za magari, na jibu la kwanza wanalopewa ni kwamba mota imekufa, inunuliwe mashine nzima, yaani mota pamoja na chuma kinachopandisha kioo. Mara nyingi mota hiyo bado ni nzima. Ndiyo maana, kabla ya kupima spea zenyewe, inafaa kutaja vioo visivyohitaji spea yoyote.

Vumbi la barabara za murram huingia kwenye mfereji wa raba ambamo kioo hupita, likachanganyika na maji ya mvua na kuganda humo kama simiti. Raba ikizeeka hukauka na kukibana kioo. Washa injini, shikilia swichi ya kupandisha, kisha kisukume kioo juu kwa viganja viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Kikipanda kwa msaada mdogo, usinunue kitu. Funga kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye bisibisi bapa, sugua mfereji wa mbele na wa nyuma mpaka kitambaa kitoke safi, acha ukauke, halafu puliza silikoni sekunde mbili au tatu kila upande. Pandisha na kushusha kioo mara tano au sita ili silikoni isambae.

Silikoni ya kopo ndiyo bidhaa tunayoisifu bila kusita. Hailainishi tu, inaacha utando mkavu usiokamata vumbi. WD-40 ya kawaida si mbadala wake: ni mafuta mepesi yanayoosha, hukauka mapema na masalia yake hunasa vumbi jipya. Oili ya injini ni mbaya zaidi, maana raba hunywa mafuta hayo, ikavimba na kukibana kioo kuliko mwanzo. Angalia pia tinti. Ikibanduka pembeni hujikunja ndani ya raba, na hapo hata mota mpya itashindwa.

Baada ya raba ni umeme. Betri nzuri, gari likiwa limezimwa, husoma volti 12.6 hivi, injini ikiwaka, alteneta inapaswa kutoa kati ya 13.8 na 14.5. Kioo kinachopanda vizuri injini ikiwaka na kusuasua ikizimwa kinalalamikia betri. Lakini kipimo chenye maana kubwa zaidi kinachukuliwa kwenye soketi ya mota yenyewe, kioo kikiwa kinajaribu kupanda. Mita ikionyesha chini ya volti 10 wakati betri iko sawa, umeme unapotea njiani. Mahali pa kwanza pa kutafuta ni ile raba yenye mikunjo kati ya mlango na bodi: waya humo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na nyuzi za shaba hukatika ndani huku ganda la nje likibaki zima. Mahali pa pili ni swichi kuu ya dereva, ambayo migusano yake huungua na kuwa myeusi. Kwenye magari mengi ya Japan, umeme wa kioo cha abiria hupitia swichi hiyo kuu hata abiria anapobonyeza swichi yake mwenyewe. Kwa hiyo kioo cha kushoto kinaweza kufa kwa sababu ya kitu kilichoharibika mlango wa kulia. Fungua swichi, sugua migusano polepole kwa msasa laini sana, ifute, irudishe.

Kioo kinachofika juu na kurudi chini ni suala tofauti kabisa. Mfumo wa kuzuia kubana vidole unadhani umekutana na mkono. Husababishwa na raba kavu, au na betri iliyotolewa ikafanya mfumo usahau kioo kinaishia wapi. Kwenye Toyota nyingi zenye kioo kinachopanda chenyewe, taa ya swichi humetameta kuashiria hali hiyo. Washa swichi ya gari, shusha kioo hadi nusu, vuta swichi ya kioo hadi mwisho na uishikilie mpaka kifunge, kisha endelea kuishikilia kwa sekunde moja au mbili. Fundi anayekuuzia mota kwa tatizo hili bila kujaribu hatua hiyo hakutendei haki. Anayeunganisha waya moja kwa moja ili kuuruka mfumo huo ni hatari kwa watoto wanaotoa vichwa dirishani.

Sasa sokoni. Mashine za vioo ni za aina mbili, na uamuzi wetu unategemea aina. Ya kwanza ni ya mikono inayopishana kama mkasi, inayosukumwa na kipande cha chuma chenye meno. Ndiyo iliyomo kwenye magari mengi ya saluni ya Toyota. Ya pili ni ya kebo: waya mwembamba wa chuma unaozunguka ngoma ya plastiki na kuvuta kishikio cha kioo kwenye reli. Volkswagen Golf 4 inajulikana kwa hii, hasa kwa vishikio vyake vya plastiki vinavyovunjika na kuangusha kioo ndani ya mlango.

Kwa ya mkasi, nunua mtumba wa Japan. Chuma chake ni kinene, na kila kinachoweza kuchakaa unakiona kwa macho. Tazama meno yote, hasa ya mwisho, maana hapo ndipo mota husukuma kwa nguvu kioo kikigota. Tikisa mikono kwenye riveti zake. Ikicheza pembeni, iache. Zungusha magurudumu ya plastiki yanayoteleza kwenye reli, yasiwe na ufa. Nusa mota: harufu ya kuungua haifichiki. Mwisho, mwombe muuzaji betri, uunganishe mota na kuipeleka juu na chini kwa kubadilisha waya. Muuzaji makini hakatai. Nakala mpya za aina hii tumeziona zenye bati jembamba na riveti zilizolegea zikiwa bado kwenye karatasi, na kioo kikipanda kwa mkono unaocheza hulala upande na kukwama kwenye mfereji.

Kwa ya kebo tunashauri kinyume chake. Kebo ya mtumba huwa imeanza kukatika nyuzi ndani ya ganda au chini ya ngoma, mahali usipoweza kuona, na ikikatika kazi yote inarudiwa. Hapa nunua mpya, na ukague kwamba vishikio vyake ni vya chuma au plastiki nene.

Aina yoyote utakayochagua, nenda na ile ya zamani mkononi. Ya kulia haiingii kushoto. Mota ya kawaida ina pini mbili. Yenye kujipandisha na kuzuia kubana ina pini zaidi, na zikifanana kwa umbo bado hazibadilishani.

Onyo moja kwa wanaotaka kubadilisha mota peke yake kwenye mashine ya mkasi. Kuna springi ya duara iliyokazwa, inayosaidia kubeba uzito wa kioo. Ukifungua skrubu za mota kabla ya kufunga kipande chenye meno kwa bolti au klampu, mikono huruka kwa nguvu inayoweza kuvunja kidole. Mafundi wengi wa pembeni mwa barabara hawalizingatii hili, na linastahili kuulizwa kabla ya kumkabidhi gari.

Kuhusu ufungaji, mlango mmoja ni kazi ya saa moja hadi mbili kwa mkono uliozoea. Fundi mzuri hutoa skrubu zilizofichwa nyuma ya mshikio kabla ya kuvuta kava, hubandua nailoni ya ndani taratibu bila kuichana, na hukishikilia kioo juu kwa selotepu pana inayopita juu ya fremu. Spana namba 10 inamaliza karibu bolti zote za magari ya Japan. Grisi nyeupe hupakwa kwenye meno na reli za chuma pekee, si kwenye raba. Bolti mbili za kioo huachwa zikiwa legevu mpaka kioo kifike juu kabisa na kujipanga chenyewe, ndipo hukazwa. Ukiona zimekazwa kioo kikiwa chini, tarajia kilale. Nailoni irudishwe na gundi yake nyeusi: bila hiyo, mvua ya Aprili huingia ndani ya gari na kulowesha kapeti.

Subaru Forester za vizazi viwili vya kwanza, na Legacy za kabla ya 2009, milango yake haina fremu juu ya kioo. Hizo zinahitaji marekebisho ya kimo na mwinamo pia, na gereji nyingi huishia kukaza bolti tu. Kabla ya kulipa, weka ukanda wa karatasi juu ya ukingo wa kioo, funga mlango, kisha uvute. Karatasi ikishikwa kwa nguvu ileile mbele, katikati na nyuma, raba inakaa sawa. Ikichomoka bure mahali popote, kioo kiinamishwe zaidi kwa ndani na kipimo kirudiwe papo hapo.