Baldur's Gate 3 na kapo ya maadui: Gortash na Dark Urge wamenikaa moyoni

Jamani nimemaliza Baldur's Gate 3 kwa mara ya tatu, saa nane usiku na kitu, na naandika sasa hivi kabla moto haujapoa maana nikilala ntasahau nusu ya nilivyohisi.

Kwa asiyejua, hii ni gemu ya kuigiza mhusika ya kampuni ya Larian Studios ya kule Ubelgiji, ilitoka Agosti 2023 kwenye kompyuta, Septemba ikaja PS5, Desemba Xbox, na mwaka huohuo ikabeba gemu bora ya mwaka pale The Game Awards. Mapigano ni ya zamu kwa zamu, dadu inarushwa kila unapotaka kumshawishi mtu au kufungua kufuli, na wenzako kambini kila mmoja ana mzigo wake. Vyote hivyo ni vizuri na vimesifiwa vya kutosha. Mi nimekuja kuongelea kitu kimoja tu, Enver Gortash, mmoja wa wabaya wakuu wa gemu, na Dark Urge, mhusika unayeweza kumcheza wewe mwenyewe, kwa sababu hao wawili ndo wamenifanya niicheze mara tatu na bado nataka tena.

Nianze na Dark Urge, bila yeye hamna kapo. Unapotengeneza mhusika wako unaweza ukaanza na mtu asiye na historia yoyote, au ukamchukua mwenye stori yake tayari, na mmojawapo ni huyu. Anaamka hana kumbukumbu hata moja, kichwa kimeharibiwa, na ana kiu ya kuua inayompanda yenyewe tu bila kuitwa. Usiku mmoja kambini anakuja yule binti mwimbaji, Alfira, anaomba ajiunge na nyinyi, ana furaha kweli, asubuhi unaamka ameshakufa na damu iko mikononi mwako. Mi nilikaa nimeshika mausi tu sibonyezi kitu. Baadae ndo unakuja kuelewa taratibu kwamba wewe ni mtoto wa Bhaal, mungu wa mauaji, na ndugu yako Orin ndo aliyekupasua kichwa akachukua nafasi yako.

Sasa sikia. Gemu nzima unawafukuzia watu watatu wanaoendesha lile jeshi la Absolute, mungu wa uongo ambaye kumbe ni ubongo mkubwa unaotawala watu wenye viluwiluwi vichwani: Ketheric Thorm wa mungu Myrkul, Orin wa Bhaal, na Gortash wa Bane mungu wa ubabe. Unawachukia, unapita vijiji wamevimaliza, una kiluwiluwi kichwani ambacho wao ndo wamekuwekea. Unafika sehemu ya tatu, mji wa Baldur's Gate wenyewe, unaingia ngome ya Wyrm's Rock siku Gortash anasimikwa kuwa Archduke, yaani mtawala wa mji, ukumbi umejaa wakubwa, na huyo mwanaume akikuona anaongea na wewe kama mtu aliyekusubiri siku nyingi sana. Anakwambia mpango wote ulikuwa wenu. Wako na wake. Lile Taji la Karsus, taji la kichawi linaloutawala ule ubongo, mliliiba nyie wawili kwenye hazina ya Mephistopheles huko kuzimu. Yaani adui uliyekuwa unamtafuta masaa yote hayo, nusu yake ni wewe, na nusu nyingine imesimama mbele yako inakukumbuka wakati wewe humkumbuki.

Hapo ndo nilipokamatika na sijatoka mpaka leo. Kwenye stori nyingi tulizozoea, stelingi na mpenzi wake wanatambulishwa, wanazoeana, wanagombana, wanapatana, unaona yote. Hapa yameshatokea na wewe hukuwepo, ama ulikuwepo ila umeibiwa. Anayejua mlivyokuwa mnakaa, mlivyopanga, mlivyoaminiana (na kwa watu wa aina ile kuaminiana ni kitu kikubwa kuliko busu) ni yeye peke yake, na yeye ni muongo. Kwa hiyo kila anachokwambia unakitaka kiwe kweli na huwezi kukiamini. Na Jason Isaacs, yule muigizaji wa Uingereza aliyempa sauti, anajua anachofanya, mbele ya wakubwa anaongea kisiasa, sauti ya mtu anayeomba kura, akikugeukia wewe kuna kitu kinalegea kidogo, kidogo tu, na mimi kwa hicho kidogo nimerudia ile sinema mara nyingi.

Mashabiki wamewaita Durgetash. Hakuna sehemu gemu inasema walikuwa wapenzi, na huwezi kumtongoza Gortash hata ufanyeje, ila watu wamechora, wameandika stori ndefu, wengine wanaandika ile miaka kabla ya gemu kuanza, mwizi na muuaji wanajenga dola gizani. Kinachofanya kapo hii isichoshe ni kwamba Gortash ni mmoja, sura ileile sauti ileile, lakini Dark Urge ni wa kila mtu. Ukimuacha kama walivyomtengeneza ni yule mtu-dragoni mweupe, ila unaweza kumbadilisha kila kitu, kabila, jinsia, kazi. Wangu ni drow, yaani elf wa chini ya ardhi, mwanamke mrefu mkimya. Wa mwenzako ni kibushuti wa kihalfling anayefika kiunoni kwa Gortash. Wote ni sahihi, kila mtu ana Dark Urge wake aliyeibiwa kumbukumbu zake, na ndo maana mtu akimgusia Gortash vibaya unaona watu wanamtetea kama shemeji yao wa ndoa.

Na simtetei kwa kusema hana kosa. Kuna Karlach. Karlach, mmoja wa wale wenzako wa kambini, alikuwa mlinzi wake, alimuamini, Gortash akamuuza kwa Zariel, shetani mkubwa wa kuzimu, huko wakamtoa moyo wakamuwekea injini ya moto inayomuua polepole, akapigana vita vya Avernus, sehemu ya kuzimu, miaka kumi. Mara ya kwanza nilicheza upande wa wema, nikamuua Gortash na Karlach akiwa pembeni, na alivyoanza kulia kwamba yule mtu ameshakufa na yeye bado anakufa, hakuna kilichobadilika, nililia kwa sauti mpaka dogo wangu akaja mlangoni kuuliza nani amefariki. Sasa mimi nampenda Karlach kabisa. Na nampenda Gortash. Siwezi kuvipatanisha hivyo viwili na sijaribu, gemu yenyewe haijakuomba uvipatanishe, imekuwekea vyote mezani.

Halafu nenda kwenye duka la fundi viatu Flymm huko mjini. Hao ni wazazi wake. Walimuuza akiwa mtoto, akaishia kwa yule shetani Raphael kwenye House of Hope, nyumba yake huko kuzimu. Na yeye alivyopata nguvu hakuwaua, aliwawekea viluwiluwi ili wamsifie mtoto wao mchana kutwa. Mtoto aliyeuzwa akakua akamuuza mwenzie. Halafu umuweke pembeni ya Dark Urge, ambaye baba yake alimtengeneza kwa ajili ya kuua tu, uone kwanini watu wanawaandika wakiwa wawili.

Sasa lalamiko langu, na ni kubwa. Anakufa. Ukipigana naye anakufa, hilo sawa. Ila hata ukikubali mkataba wake, ukamuua Orin kama alivyotaka, ukaacha kugusa kiwanda cha Steel Watch, yale maroboti yake ya ulinzi, ukawaacha wale mafundi Wagondi wanaolazimishwa kuyatengeneza na familia zao zilizofungwa gereza la chini ya maji, yaani umebeba dhambi zote hizo kwa ajili yake, mnafika mbele ya ule ubongo mkubwa, anajaribu kuutawala na ubongo unamuua palepale, fasta, kama mtu aliyekuwa anamalizwa ili tuendelee. Mi niliweka pedi chini nikatoka nje kuvuta hewa. Stori iliyojengwa vizuri hivi ilistahili mwisho ambao wewe unachagua, hata kama ni mbaya, hata kama ni wewe unayemchoma kisu. Apdeti ya saba ya Septemba 2024 ilileta sinema mpya za mwisho wa kishetani, na ya Dark Urge inatisha kweli, ila pale juu unakaa peke yako. Na Larian walishasema tangu Machi 2024 kwamba hawaongezi stori nyingine. Kwa hiyo tulichonacho ndo hicho.

Mambo ya kununua nayasema harakaharaka: bei yake ya kawaida kwenye kompyuta ni dola 59.99, inataka GB 150 na iwe SSD, RAM anzia 8 ila 16 ndo utacheza kwa raha. Kuishusha kwa bando ilinichukua siku nne. Kiswahili hamna, Kiingereza chake ni kingi na cha kizamani kidogo, washa maandishi ya chini. Nawapa nyota 4 na nusu kati ya 5, hiyo nusu wanajua wameiacha wapi.

Ukiamua kuingia, chagua Dark Urge na usisome kitu chochote kuhusu sehemu ya tatu. Ukifika Wyrm's Rock, seivu kabla hujaingia ukumbini, muache Karlach kambini siku hiyo, umsikilize Gortash mpaka amalize. Halafu rudisha seivu, nenda na Karlach.