Mashine ya presha ya nyumbani: anza na mkanda

Nimeitumia miezi saba. Nina miaka 34, nilizaliwa na CAH, ugonjwa wa kurithi ambao tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, hazitengenezi kotisoli ya kutosha, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Tangu utotoni nameza haidrokotisoni mara tatu kwa siku na fludrokotisoni asubuhi. Dawa hizi ndizo uhai wangu. Ila dozi ikizidi miaka na miaka, unanenepa, sukari inapanda, na fludrokotisoni inabakiza chumvi mwilini hadi presha nayo ipande. Ndiyo maana daktari alitaka nipime nyumbani. Kliniki moyo wangu huenda mbio kabla hata sijakaa.

Nilinunua Kariakoo, shilingi 85,000. Wiki ya kwanza: 151 kwa 96, 148 kwa 94. Usingizi ukapaa. Nikaibeba hadi kliniki. Nesi hata hakuiwasha. Aliushika mkanda, ule unaofungwa mkononi, akasoma maandishi madogo pembeni, sm 22–32, kisha akanizungushia futi ya fundi cherehani mkononi: sm 36.

"Dada yangu, mkanda mdogo hivi lazima usome juu."

Muuzaji hakuniuliza chochote kuhusu mkono wangu, na hilo linaniuma mpaka leo. Mkanda mpana nikaununua kando, 30,000.

Namba zikashuka, zikakaa kwenye 138 kwa 88. Bado juu, lakini sasa ni za kweli. Napima asubuhi kabla ya vidonge na jioni kabla ya kula, nikiwa nimekaa kimya dakika tano, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo. Wiki mbili za daftari zilimtosha daktari. Akapima chumvi za damu na renini, kitu kinachotolewa na figo kudhibiti chumvi na presha, akapunguza nusu kidonge cha fludrokotisoni. Sasa nacheza kwenye 124 kwa 79. Tafadhali, mwenye ugonjwa huu asijipunguzie dozi kwa kuangalia kioo cha mashine. Kuacha dawa hizi ghafla kunaua.

Mashine yenyewe nzuri: namba kubwa, mama anazisoma bila miwani. Inakula betri sana, na mshale wa kuonyesha mkanda ukae wapi umeshafutika. Nimeuchora upya kwa kalamu.

Ukienda dukani, beba futi. Mkanda wako ukikosekana, subiri uletwe.