Jarida Lililonikataa kwa Asilimia 38: Uzoefu Wangu

Nilipanga kungoja hasira zipoe ndipo niandike tathmini hii ya jarida na programu yake. Hazijapoa, na naona hazina mpango huo, basi naandika nazo.

Mimi ni mhadhiri wa tiba ya wanyama. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia chanjo ya mdondo kwa kuku wa kienyeji vijijini. Aliyekulia nyumba yenye kuku anaujua mdondo: asubuhi unafungua banda unakuta wawili wamekufa, mwisho wa wiki umebaki na jogoo mmoja aliyepinda shingo, na ada ya shule iliyokuwa itoke kwenye kuku wale ndiyo imeshakwenda. Kazi hii nimeifanya kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba, alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Naisema ili mjue kilichoniuma ni nini.

Makala niliituma Ijumaa jioni kwa jarida moja la nje, lenye sifa. Kupakia tu kwenye mfumo wao kulinila siku nzima, lakini hilo nimelisamehe. Jumamosi, sijanywa hata chai, jibu lilikuwa limefika. Hakuna binadamu anayesoma kurasa 24 usiku wa Ijumaa. Barua ilikuwa na mistari mitatu: mswada umepimwa na programu ya ufanano, ile inayolinganisha maandishi na yaliyoandikwa kabla, umepata asilimia 38, kikomo chetu ni 20, hautapelekwa kwa wahakiki.

Thelathini na nane. Nilijisikia kama nimeitwa mwizi mbele ya wanangu.

Nikaomba taarifa kamili ya programu. Barua ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ikarudi na faili, bila neno. Nikaenda nayo kwa mkutubi wetu, kijana anayezijua programu hizi kuliko sisi tunaofundisha.

"Shikamoo, Daktari. Hebu tuone wamekushitaki kwa lipi."

Akafungua. Kurasa nzima nzima nyekundu, na karibu nyekundu yote inaelekeza chanzo kimoja. Tukabofya. Ilikuwa tasnifu yangu mwenyewe. Ipo kwenye hifadhi ya kidijitali ya maktaba, jina langu juu, kwa sababu chuo kinamtaka kila mhitimu aiweke pale watu waisome bure. Na katika barua niliyoambatanisha na makala nilishaeleza kwamba kazi inatokana na tasnifu hiyo. Kijana akaitazama skrini kwa muda, akasema taratibu, "Daktari, hapa hakuna mtu aliyefungua hii taarifa. Wamesoma namba tu."

Nyekundu iliyobaki ilikuwa orodha ya marejeo, jina la chuo, sentensi ya kibali cha utafiti, na sehemu ya mbinu. Hapo kwenye mbinu ndipo roho yangu ilipokwama mpaka leo. "Kila kuku alidondoshewa tone moja la chanjo jichoni." Nyekundu. "Damu ilichukuliwa kwenye mshipa wa bawa." Nyekundu. Naomba mtu anieleze. Chanjo ya I-2, ndiyo hiyo ya mdondo, tuliitoa kwa tone, tone moja, jicho moja, kuku mmoja. Tone lina majina mangapi? Jicho je? Sehemu ya mbinu huandikwa ili mwenzangu aliyeko Mtwara au Maputo akitaka kurudia nilichofanya afanye vilevile, asibahatishe. Nikiichezea lugha pale ili niiridhishe mashine, ninayemdanganya ni yeye. Hata miongozo ya COPE, ile kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, inakubali kwamba kufanana kwa maneno katika mbinu mara nyingine hakuepukiki, na kwamba mhariri anatakiwa aangalie ni nini kimefanana na wapi. Watengenezaji wa programu za namna hii nao husema wazi kuwa zinaonyesha maandishi yanayolingana, na kwamba uamuzi wa nani ameiba ni wa mtu.

Nikakata rufaa. Kwa adabu, na kila mstari mwekundu nikauelezea. Jibu la mhariri msaidizi nimelihifadhi: "Matokeo ya programu hayajadiliwi. Waandishi wa ukanda wenu wanashauriwa kujifunza maadili ya utafiti kabla ya kututumia kazi nyingine."

Ukanda wenu. Nimelala na maneno hayo mawili usiku mwingi. Asilimia ningeivumilia, mashine haijui inasema nini. Huyu ana macho, ana jina langu, ana maelezo yangu mbele yake, na alichokiona ni ukanda.

Sasa nitasema jambo ambalo sikujivunia kulifanya. Mwenzangu mmoja, mtu mwema kabisa, aliniambia: "Dada, usihangaike. Pitisha kwenye programu ya kubadilisha maneno, itashuka mpaka kumi na mbili, utume kwingine." Usiku ule nilikaa nikapitisha aya moja. Ikashuka kweli. Lakini tone la jicho lilikuwa limegeuka kitu kama "ushanga wa kiungo cha kuonea", na mshipa wa bawa umekuwa "njia ya ubawani". Nikaifuta palepale, moyo unanidunda kana kwamba nimekamatwa.

Na hayo si maajabu yangu peke yangu. Mwaka 2021 watafiti Guillaume Cabanac, Cyril Labbé na Alexander Magazinov walionyesha namna makala za sayansi zilivyojaa misemo iliyoteswa hivyohivyo: saratani ya matiti imeitwa hatari ya kifuani, akili unde imeitwa fahamu bandia. Misemo hiyo ni alama ya watu waliochukua kazi za wengine na kuzigeuza maneno ili programu ya ufanano isiwanase. Yaani mwizi anayejua njia anapita na asilimia zake nane, na mimi niliyeandika tone kuwa tone nasimamishwa mlangoni. Maandishi ya akili unde nayo mara nyingi hupita, maana huwa mapya kila yakitoka. Februari 2024 jarida la Frontiers in Cell and Developmental Biology lilichapisha mchoro wa panya uliotengenezwa na akili unde, viungo vya uzazi vikubwa kupita akili na maandishi yasiyosomeka. Ukawapita mhariri na wahakiki, na ukafutwa siku chache baadaye kwa sababu wasomaji waliutazama. Mwaka 2023 pekee Hindawi, kampuni ya kuchapisha majarida iliyokuwa mali ya Wiley, ilifuta makala zaidi ya 8,000. Najua wahariri wameingiwa na hofu. Ningekuwa wao ningeogopa pia. Lakini hofu isiwatoe kwenye kazi ya kusoma! Mtafiti Elisabeth Bik na wenzake walipotaka kujua picha za uongo zimeenea kiasi gani, makala 20,621 zilikaguliwa kwa macho ya mtu, na karibu asilimia 4 zikakutwa na picha zenye walakini. Hiyo ilichapishwa mwaka 2016. Kwa macho.

Nilianza kuandika hapa nikiwa nimeshaamua: nyota moja, na nawasihi wenzangu wazikimbie programu hizi. Ila nikikumbuka vizuri, siwezi kusema hivyo kwa haki. Miaka ya nyuma mwanafunzi wangu wa uzamili alikuta sura nzima ya tasnifu yake imechapishwa na mtu asiyemfahamu, nchi nyingine, hata kosa la tahajia la jina la kijiji limebebwa lilivyo. Aliyeligundua ni mhariri wa jarida jingine ambaye mtu yule alipeleka kwake kipande cha pili. Programu ilimwonyesha nyekundu, akakaa akasoma, akatuandikia. Yule binti alilia ofisini kwangu kwa furaha. Mashine ileile. Kwa hiyo programu naipa nyota tatu, hata nne. Jarida ndilo nalipa moja.

Hapa nilikuwa nimefika mwisho wa maneno yangu, nikafunga kompyuta nikaenda kuandaa chakula. Niliporudi kulikuwa na barua mpya kutoka jarida hilohilo. "Mpendwa Daktari, kutokana na utaalamu wako..." Wananiomba nihakiki mswada wa mtu mwingine, kuhusu chanjo ya kuku wa kienyeji. Bure, kwa siku kumi na nne. Mimi, ninayehitaji kujifunza maadili.

Nilitamani kuwajibu kwa maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Hata ile nyota moja nilitaka kuiondoa, na nimeiondoa. Halafu nikafungua muhtasari. Jina la mwandishi limefichwa, lakini kazi imefanyika vijijini, kaya chache, kuku wachache, na Kiingereza ni cha mtu aliyekiandika kwa shida akiwa mwangalifu kama mimi. Nikiukataa watampa nani? Huenda asiyejua kuku. Huenda asiusome.

Nimekubali. Jana usiku nilianza na sehemu ya mbinu. Ameandika kwamba kila kuku alidondoshewa tone moja jichoni, na pembeni yake nimeandika: imeelezwa vizuri, isibadilishwe.