Full Stack Open ya Helsinki: Bonyeza F12 Uone Tovuti Inavyofanya Kazi

Wanangu, habari za saa hizi, karibuni tena kwenye chaneli. Leo siongelei simu wala spika. Naongelea kozi ya chuo kikuu, na tafadhali usiondoke, maana hii imenipa raha kuliko simu yoyote niliyowahi kuwaonesha hapa.

Inaitwa Full Stack Open, ya Chuo Kikuu cha Helsinki, kule Ufini. Inafundisha kutengeneza tovuti. React, Node, MongoDB, zana za kazi hiyo, hizo mmeshazisikia kila kona, sizirudii. Nataka sehemu ya 0, ule utangulizi ambao watu wanauruka wakikimbilia React. Usiuruke!

Angalia skrini. Wamekupa tovuti ndogo ya mfano, ya kuandikia notisi fupifupi. Bonyeza F12, zinafunguka zana za watengeneza tovuti zilizomo ndani ya kivinjari. Kanuni ya kwanza kwenye kozi hii ni kwamba Console, kichupo kinachoonesha makosa na ujumbe wa tovuti, iwe wazi muda wote. Sasa nenda kichupo cha Network, kinachoorodhesha kila kitu kivinjari kinachoomba, weka tiki kwenye Disable cache ili kisitumie nakala za zamani, ufungue upya ukurasa wa notisi. Umeona? Kwanza inakuja HTML, yaani muundo wa ukurasa. Kivinjari kinaisoma, kinakuta main.css, faili la mwonekano, imetajwa, kinaiomba. Kinakuta main.js, faili la JavaScript, msimbo unaoupa ukurasa uhai, kinaiomba nayo. Main.js ikianza kazi inaagiza data.json, humo ndimo notisi zenyewe zilimo. Ukurasa mmoja, maombi manne kwa seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti!

Tulia hapo. Naandika “Mambo Dar”, nabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Tazama polepole. POST, yaani ombi la kutuma data, imekwenda kwenye anwani ya new_note. Seva imejibu 302, yaani nimepokea, sasa nenda anwani hii hapa. Kivinjari kinatii: kinaomba ukurasa tena, css tena, js tena, data tena. Maneno mawili tu yamezaa maombi matano!

Sasa toleo la pili la tovuti hiyohiyo, lile la ukurasa mmoja. Maneno yaleyale, nahifadhi. POST moja, jibu 201, kwamba imeundwa. Basi! Ukurasa haukujifungua upya. JavaScript imeiandika notisi palepale mbele yako, huku ikiituma kwa seva. Ngoja nirudie, maana hapa ndipo nilipoipenda kozi hii... Mnaona? Mstari mmoja tu kwenye Network.

Kwa sisi wa Dar hili ni jambo la pesa. Mteja wako yuko kwenye daladala la Mbagala, bando lake la kuhesabu, mtandao unakuja unapotea. Kila ombi ni safari ya kwenda kwa seva na kurudi, na seva yenyewe huenda iko Ulaya. Ila msinielewe vibaya: hiyo ya ukurasa mmoja ukiibebesha JavaScript nzito, kufunguka kwake mara ya kwanza ni balaa.

Mtaniuliza kuhusu CS50 Web, kozi ya kutengeneza tovuti ya Chuo Kikuu cha Harvard, ile ya mwalimu Brian Yu yenye lugha ya Python na zana yake ya Django. Yule anafundisha, hilo halina ubishi. Lakini mihadhara yake ni video ndefu, na video inakula bando. Ya Helsinki ni maandishi, unasoma taratibu. Bei? Kusoma zote mbili ni bure. Cheti cha Helsinki nacho hulipii, wakati kile chenye uthibitisho cha hiyo ya Harvard, kinachotolewa na edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, kinalipiwa.

Nilikuwa naelekea kusema kozi hii ni ya kila mtu. Hapana. Wenyewe wanataka uwe unajua kuprogramu vizuri, pamoja na misingi ya tovuti, hifadhidata na Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo wako. Kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa HTML, anzia huko. Sehemu ya 0 unaweza kuijaribu hata leo, lakini kwa kompyuta, kwa simu utateseka. Na hapo ndipo wengi tunapokwama, kwa hiyo Jumamosi naingia Kariakoo kuwatafutia kompyuta za mtumba zinazobeba Node na kivinjari bila kuganda. Sabskraibu, gonga kengele isikupite.

Mwishoni mwa sehemu ya 0 kuna zoezi la kuchora mchoro wa hayo maombi niliyoonesha, mshale kwa mshale, kivinjari upande huu, seva upande ule. Lichore mwenyewe kwenye karatasi kabla hujachungulia kwa mtu. Ukikwama, niandikie kwenye maoni umekwama mshale wa ngapi, nitakujibu.