Nimeimaliza saa nane usiku, na nina hasira

Kama hujaisoma na unapanga kuisoma, ishia hapa, maana namwaga mwisho wote. Leo sina huruma na mtu.

Ni riwaya ya mapenzi na vichekesho, zile za kusoma kwenye simu sura kwa sura, kila sura unaifungua kwa sarafu. Mhasibu kijana, dada mmoja, anapendana na meneja wake katikati ya msimu wa ukaguzi wa hesabu. Mengine wameshasimulia wengi, sirudii. Ugomvi wangu ni na sura moja tu: ile ambayo dada anaandika barua ya kuacha kazi.

Mwandishi nimpe haki yake kwanza. Mwanzo unachekesha mpaka mbavu zinauma. Wapenzi hawataki kujulikana, kwa hiyo bosi anaweka miadi yao kwenye kalenda ya ofisi kwa jina la "Kikao cha bajeti, awamu ya pili". Siku moja anabofya vibaya, mwaliko unakwenda kwa idara nzima. Na idara nzima inatokea mgahawani, na madaftari yao! Mkaguzi naye yumo, anauliza awamu ya kwanza ilifanyika lini na mbona hakuna muhtasari wake. Aliyewahi kukaa ofisini anajua: kikao kikishaingia kwenye kalenda watu huenda tu, hakuna anayethubutu kuuliza ni cha nini.

Na dada mwenyewe ni mtu wa kazi. Kuna usiku mpenzi wake anamsubiri mlangoni, koti mkononi, naye bila kuinua macho anamwambia atangulie, hesabu za benki zinapishana na za kwenye leja, lile daftari la hesabu za kampuni, na hatalala mpaka aione tofauti iko wapi. Nikampenda palepale.

Halafu sasa! Ofisi ya utumishi inagundua, na ndani ya ukurasa mmoja na nusu dada amejiuzulu, eti kuyapa mapenzi nafasi. Bosi anabaki. Si kubaki tu, anapandishwa cheo! Aliyekesha akisaka tofauti anatoka na boksi lenye kikombe na kalenda ya mezani. Aliyealika idara nzima kwenye miadi yake anapewa ofisi yenye dirisha kubwa. Na tunatakiwa tulie kwa furaha.

Jamani, mwandishi amewahi kuingia ofisini kweli? Sehemu nyingi wenye uhusiano wa namna hii hutakiwa kutoa taarifa, kisha mmoja anahamishwa kitengo, au angalau tathmini yake inasainiwa na mtu mwingine. Na likiharibika, si lazima aondoke mdogo. Mwaka 2019 McDonald's ilimwachisha kazi mkurugenzi wake mkuu, Steve Easterbrook, kwa uhusiano na mfanyakazi, ingawa waliridhiana wenyewe. Bosi ndiye aliyefungasha. Tena vichekesho vingekuwa humo tele: muhamishe bwana huyo kitengo kingine, kisha madai yake ya safari yapite kwa dada, naye ayarudishe kwa kukosa risiti. Sura hiyo ningeilipia mara mbili.

Programu nayo haikunisaidia. Sura imekatwa pale dada anaposhika kalamu, lipia uone anachoandika. Nikalipa. Nikaona. Nikaandika malalamiko, nikajibiwa kwamba wanashukuru kwa maoni yangu na huenda nikapenda pia hadithi hii nyingine, ya katibu muhtasi anayeacha kazi ili aolewe na mkurugenzi.

Nilikuwa nimeweka nyota mbili. Baada ya jibu hilo nikashusha hadi moja. Kisha nikairudia ile ya kikao cha bajeti ili nihakikishe kwamba sikuisifia bure, nikacheka upya, nikapandisha hadi tatu, na ningeweka nne kama kidole hakingeteleza nikajikuta tena kwenye barua. Basi tuseme mbili. Moja ni ya dada, nyingine ya mkaguzi, bosi hana chake.

Sehemu ya pili wametangaza inakuja, dada anafungua kampuni yake ya uhasibu. Nitaisoma, nijuavyo mimi. Lakini yule bwana akija kuomba kazi pale, nataka aulizwe muhtasari wa awamu ya kwanza.